Vibao Sita, Kufuli Moja

Jumatatu, 3 Mei 1965

Habari kubwa! Asubuhi Meneja ametukusanya mbele ya tanuri la mbata. Amesema Mzee Mbwana, fundi mkuu wetu wa umeme, amechoka kupanda ngazi na anahitaji msaidizi. Jina litatangazwa Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Msaidizi atapewa nyumba ya vyumba viwili, na jiko nyuma.

Jiko! Baada ya hapo sikusikia neno lingine.

Kiwanda kizima hiki cha mafuta ya nazi kina mafundi wa umeme watatu tu. Mzee Mbwana mwenyewe, mtu wa Shimoni, aliyejifunza umeme ndani ya meli. Mimi, Mwinga wa Ndoro, mtu wa Kinango, umri miaka arubaini na moja, mwezi wa tisa sasa hapa Msambweni. Na Athmani.

Athmani ni kijana wa papa hapa mjini. Kila mtu anampenda, sijui kwa nini. Leo amebadilisha swichi ya pampu, imemchukua nusu saa nzima. Kwanza akazima swichi kuu. Akaifunga kwa kufuli. Akatundika kibao chekundu. Akapima kwa taa ya kupimia aone kama waya umekufa kweli. Kisha akapima tena! Mimi ningemaliza kwa dakika tano, moto ukiwa ndani ya waya, na chai ningekunywa.

Nimemwambia Mzee Mbwana hivyo hivyo. Akasema: "Mwanangu, umeme hauna hodi."

Wazee wana maneno mengi.

Nimemwandikia Dama barua. Dama ni mke wangu, yuko Kinango na mbuzi wake. Alikuja hapa mara moja, mwezi wa Novemba, akatazama chumba changu, akauliza jiko liko wapi. Nikamwonyesha pembeni. Siku ya tatu akapanda basi akarudi. Sasa nimemwandikia kwamba jiko limepatikana. Halijapatikana bado, lakini barua nazo huchelewa njiani.

Jumanne, 4 Mei

Mpango wa kwanza: Meneja anione nikifanya kazi kwa kasi.

Taa ya baraza la ofisi imekufa tangu wiki iliyopita. Nikangoja Meneja atoke na kikombe chake cha chai. Ngazi ya mbao alikuwa nayo Athmani, basi nikachukua ya chuma. Masika yamechachamaa, sakafu ya baraza maji matupu. Nikamsalimu Meneja. Nikamwambia atazame: sizimi kitu, kazi ya watu haisimami. Nikapanda. Nikaingiza bisibisi.

Yaliyofuata siyakumbuki sawasawa. Nakumbuka meno yalivyogongana. Nakumbuka kumwona Meneja yuko juu na mimi niko chini, na tulipoanza ilikuwa kinyume. Niliangukia magunia ya mbata, Mungu mkubwa. Kikombe cha Meneja kilivunjika.

Nikamwambia nilikuwa napima nguvu ya umeme. Ipo ya kutosha.

Mzee Mbwana alikuja mbio, mzee wa watu, mguu mmoja hauna kiatu. Akaweka sikio kifuani kwangu asikilize moyo. Akauliza kama naona vizuri. Akakaa nami pale chini mpaka mkono ulipoacha kutetemeka. Alipoona nimepona ndipo akanigombeza. Amesema ningekuwa maiti. Amesema chuma, maji na papara ni ndugu watatu, na mimi nimewaalika wote siku moja.

Adhuhuri nikaenda kula kwa Bi Esha, mpika chakula wa langoni. Benchi la kushoto: Athmani, watu saba, na vicheko. Benchi la kulia: mimi. Bi Esha akauliza mkono una nini. Nikasema ni mambo ya utaalamu. Akaniongezea mchuzi. Kisha akaenda kusikiliza kule kwenye vicheko.

Alhamisi, 6 Mei

Kwa sababu ya mambo ya Jumanne (jina halikutajwa, ila watu wote waligeuka wakanitazama), Mzee Mbwana ametoa amri mpya. Kila fundi atakuwa na kufuli lake, ufunguo wake, na kibao chekundu chenye jina lake. Ukitaka kuingiza mkono ndani ya mashine, unazima swichi, unaifunga kwa kufuli lako, unatundika kibao, na ufunguo unakaa mfukoni mwako wewe. Hafungui mtu mwingine. Hata Meneja hafungui. Amesema kibao ni maneno tu, kufuli ndilo kitendo.

Mwandishi wa vibao ni Mangi, karani wa stoo. Ana mkono mzuri. HATARI. USIWASHE. MWINGA ANAFANYA KAZI.

Nimekaa na kibao hicho muda mrefu, nikikitazama. Tangu nifike Msambweni sijaona jina langu limeandikwa popote ila katika daftari la mahudhurio, na humo wamelikosea. Wameandika Mwinyi.

Hapo mpango wa pili ukanijia. Mzuri mno! Meneja hupita kiwandani mara mbili kwa siku. Akiliona jina langu kwenye swichi moja, atasema Mwinga yuko kazini. Je, akiliona kwenye swichi sita?

Kufuli nimelifunga kwenye sanduku langu la bati. Shajara hii imo ndani yake. Athmani asije akasoma.

Ijumaa, 7 Mei

Nimemwomba Mangi vibao vitano zaidi. Akauliza vya nini. Nikasema vya akiba, mvua hizi huchujua rangi. Akaandika. Mtu mwema, hana udadisi.

Mzee Mbwana ameondoka asubuhi, kwenda mazikoni Shimoni. Hatarudi hadi Jumatano. Mashine zikazimwa saa sita, watu wakaenda msikitini. Nikabaki peke yangu na vibao vyangu. Pampu ya maji. Feni ya tanuri. Kinu. Mashine ya kukatia mbata. Na swichi nyingine mbili. Kote nikatundika. Nikasimama katikati nikazunguka. Kila upande, Mwinga! Sijawahi kuona kiwanda kikipendeza namna ile.

Nikaenda kwa Bi Esha kunywa uji.

Kumbe watu walipotoka msikitini hawakuthubutu kuwasha chochote. Wamesimama wakingoja Mwinga amalize kazi. Meneja akaja juu: kwa nini kiwanda kimya? Wakanitafuta chini ya kinu, ndani ya tanuri, juu ya paa. Wakanikuta na bakuli la uji.

Shutu, mwendeshaji wa mashine ya kukatia mbata, mtu mkubwa mwenye viatu vya misumari, alicheka hata akashika ukuta. Akasema: "Huyu Mwinga anafanya kazi kila mahali, na hayupo popote." Wote wakacheka. Wakawasha mashine zao, vibao vikining'inia hapo hapo.

Meneja amemwuliza Mangi huyo Mwinga ni nani. Mangi akamjibu: ni yule aliyeanguka.

Jioni Athmani akanifuata. Alisema, kwa heshima zake zile, shikamoo kaka na kadhalika, kwamba nivitoe. Kwamba kibao cha uongo ni kibaya kuliko kutokuwa na kibao, kwa kuwa watu wakizoea kukipuuza, siku ya kweli hawatakitazama.

Wivu! Ana kibao kimoja tu, masikini.

Jumapili, 9 Mei

Hakuna kazi. Mvua tangu alfajiri.

Nimesalimiana na watu watatu leo. Nimewahesabu. Muuza samaki, mtu aliyenidhania mwingine, na Athmani, aliyepita na mwavuli kunialika kwao chakula cha mchana. Nikamwambia nina wageni.

Mkono wangu, bila kuuambia, ukapika sima ya watu wawili. Nikaila yote. Haikuwa na ladha.

Barua ya Dama haijafika.

Jumanne, 11 Mei

Naandika jua halijatua.

Asubuhi Shutu alilalamika kwamba mashine yake inakatakata, inakwenda na kusimama. Nikaitazama. Waya wa mota umelegea, huko chini kabisa, nyuma ya pipa lenye meno ya kukatia. Ili uufikie lazima ulale chali, ujipenyeze ndani, upitishe mkono kati ya meno mpaka begani. Shutu alikuwa amekwenda kunywa chai. Meneja yuko ofisini, dirisha wazi. Nikasema, nafasi ndiyo hii. Shutu akirudi, mashine inaimba!

Nikazima swichi. Kibao changu kilikuwapo tayari, tangu Ijumaa. Kufuli liko nyumbani, kwenye sanduku. Kwenda na kurudi ni dakika kumi. Kazi yenyewe dakika tano. Mwenye akili atafanya nini? Nikaingia.

Ndani kiza, na harufu ya mafuta. Nimeufikia waya, nimeushika kwa vidole viwili. Nikasikia viatu vya misumari. Ka, ka, ka. Shutu amerudi, na mwenzake. Nikasikia mwenzake akisema pana kibao hapa. Shutu akacheka.

"Cha Mwinga hicho. Washa, hamna mtu humo."

Nilitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka! Kinywa kimekauka kama mbata. Mkono wangu wote umo kati ya meno, hautoki kwa haraka, una namna yake ya kutoka. Nikasikia mkono wake ukishika swichi. Watu husema saa kama hiyo mtu humkumbuka Mungu. Nasema kweli, maana hapa hapana asomaye: nilimwona Dama amesimama mlangoni, anauliza jiko liko wapi.

Kwa! Swichi haikwenda. Kwa! Haikwenda.

Shutu akasema imekwama. Akapiga tena kwa kiganja. Kisha: "Ala! Pana kufuli hapa. La nani?"

"Langu," ikasema sauti ya Athmani, toka mbali, inakuja mbio. "Shutu, toa mkono! Mwinga yumo ndani."

Nikasikia Shutu akiinama. Aliona miguu yangu. Akaketi chini, kwa kishindo. Mtu yule anayebeba magunia mawili ya mbata kwa mkupuo mmoja alikaa sakafuni akalia. Akasema, "Kaka, ningekukata. Mimi, kwa mkono wangu, ningekukata." Alisema hivyo mara nyingi. Nikamwambia mashine yake sasa itakwenda vizuri.

Athmani ndiye aliyenitoa, polepole. Alikuwa amepita, akaona kibao hakina kufuli, akaona nyayo zangu zinatokeza chini. Basi akafunga kufuli lake, akaenda kusafisha pampu yake kwa nje, ufunguo mfukoni. Akauliza kufuli langu liko wapi. Nikasema liko kwenye sanduku. Akauliza ndani ya sanduku muna nini. Nikasema mali.

Ilinibidi nimkumbushe kanuni. Kila fundi na kufuli lake, kwenye mashine yake. Yeye ameweka lake kwenye mashine yangu, bila idhini. Nikamwambia sina budi kumweleza Mzee Mbwana. Akasema, "Mweleze, kaka." Akajaribu kuingiza ufunguo kulifungua kufuli, akashindwa. Mara tatu akakosa tundu. Fundi gani huyo?

Jumatano, 12 Mei

Mzee Mbwana amerudi. Nikawahi mlangoni ili asikie kwangu kwanza. Shikamoo mzee, marahaba, poleni na msiba, tumekwisha poa. Nikamweleza kosa la Athmani, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza yote. Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa.

Kisha akazunguka kiwanda kizima akichuma vibao vyangu kama mtu anayechuma maembe. Akatupa vitano ndani ya tanuri, kimoja kimoja. Rangi nyekundu ikafanya povu. Mangi alitazama kwa uchungu, ni kazi ya mkono wake. Cha sita Mzee akanirudishia.

"Hiki ni cha mtu mmoja," alisema. "Nawe ni mtu mmoja, Mwinga."

Halafu akanikalisha juu ya gunia akanisimulia jambo. Zamani, melini, rafiki yake mmoja wa Wasini aliingia ndani ya mota ya pampu. Hakuna kufuli zama hizo. Mtu akapita, akaona swichi imezimwa, akaiwasha. Yule rafiki alikuwa na mke na mama. Mzee Mbwana ndiye aliyepeleka habari.

Nikauliza ni mpumbavu gani aliyewasha.

"Ni mimi," akasema.

Mvua juu ya bati. Nilitaka kusema neno la kumfaa mtu kama yule, saa kama ile. Nilitafuta sana. Mwisho nikamwuliza kama mambo haya yataharibu habari ya nyumba ya vyumba viwili.

Ijumaa, 14 Mei

Barua ya Dama! Mwandiko ni wa mwalimu wa kijijini, maneno ni ya Dama. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja pacha. Mahindi yameota. Kuhusu jiko, anashukuru. Lakini hatakuja kabla ya mavuno, na hata baadaye hajui, kwa kuwa siku tatu zile za Novemba hakuona mtu hata mmoja akija kupiga hodi kwangu, naye hawezi kuishi mahali kama pale. Anasema: "Ongea na watu, mume wangu. Hawaumi."

Nimeisoma mara nne. Naona wazi, ana shaka na ukubwa wa jiko.

Jumatatu, 17 Mei

Athmani.

Watu walipiga makofi. Shutu alimbeba mabegani akamzungusha tanuri zima. Nami nilipiga makofi, mara mbili.

Athmani alinifuata tena. Mkewe, Mwanafatuma, amepika pilau, nami ni wa kwanza kualikwa. Alinishika mkono akisema. Mkono wake una joto. Nikamwambia nina wageni, wametoka Kinango, wengi.

Nimekaa chumbani jioni yote, nisionekane sina wageni.

Nimemwandikia Dama kwamba cheo nimekikataa. Jiko lile linavuja.

Jumamosi, 22 Mei

Mpango! Wiki nzima nimeufikiria. Dama anasema hakuna anayepiga hodi. Kweli. Watapiga hodi waje kufanya nini, kutazama kibatari? Lakini chumba chenye taa ya umeme, karibu na barabara, hakuna mtaa huu mzima. Watu watakuja kama kumbikumbi.

Feni ya tanuri hufanya kazi hata Jumamosi alasiri. Nimevuta waya kutoka kwenye boksi lake, ukapanda ukuta wa kiwanda ulio nyuma ya chumba changu, ukapita juu ya paa langu la bati, ukaingia dirishani. Nimeufunga kwa kamba ya katani. Pale ulipochubuka nimezungushia kitambaa. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini kitambaa ni kinene.

Saa kumi alasiri ikawaka! Wingu lilikuwa zito, kwa hiyo ilionekana hasa. Nikatandika mkeka. Nikachemsha kahawa. Nikapanga vikombe vinne. Nikaketi.

Watu walipita barabarani wakikimbia mvua. Hakuna aliyegeuka. Nikafungua mlango zaidi.

Baadaye kidogo bati likaanza kuimba. Nikalishika, likaniuma vidole. Nikalishika tena kuhakikisha. Hapo taa ikazimika. Nikapanda juu ya kigoda nione ina nini, nikanyoosha mkono.

"Usishike! Kaka, usishike kitu chochote!"

Athmani, mlangoni. Maji mwili mzima, matope hadi magotini. Aliuona waya toka barabarani, akakimbia mpaka kiwandani, akazima, akafunga kufuli, akakimbia mpaka kwangu. Kifua kinampanda na kushuka. Nilidhani atanitukana. Aliuvuta waya wote ndani, akauzungusha mkononi kama kamba ya kisimani, akauweka chini. Akatazama mkeka. Akatazama vikombe vinne.

Akavua viatu, akaketi.

Mvua ilizidi, basi akanywa kahawa. Vikombe viwili! Akanihadithia habari za binti yake, anaota jino. Akaniuliza kama ni kweli kwamba mbuzi wa Kinango huitwa kwa majina na huitikia. Nikamwambia ni kweli kabisa, wa Dama huitikia hata kabla ya kuitwa. Akacheka, na alicheka mahali panapostahili. Nikamweleza habari za Dama. Nikamweleza na ile barua. Sikukusudia. Alikaa mpaka adhana ya magharibi. Alipokuwa anaondoka alisema nisirudie jambo hili, ningekufa, na kwamba mlango wao uko wazi siku yoyote, niende tu, bila waya, bila sababu.

Nimekaa nikifikiri. Kwenda tu, bila sababu! Mtu hawezi.

Lakini jambo moja nimeligundua leo, nalo ni kubwa. Waya mmoja, umefungwa kwa kamba ya katani, na mtu amekaa kwangu alasiri nzima. Vikombe viwili.

Jumamosi ijayo nitavuta mwingine. Mrefu zaidi, upite juu ya barabara, Athmani auone mapema.